Dinari ya Warumi na Maana ya Picha Zake

Neno dinari linajulikana sana kutoka katika Injili, maana ndiyo ujira wa kutwa waliopatana vibarua wa shamba la mizabibu. Sarafu hiyo ya fedha ilianza kupigwa chapa huko Roma yapata mwaka 211 kabla ya Kristo, wakati wa vita vya Hannibal. Upande mmoja ulikuwa na kichwa cha Roma, mungu mke mwenye chapeo. Upande wa pili, ndugu pacha Castor na Pollux juu ya farasi, ambao Warumi waliwaamini kuwa wasaidizi wao vitani.

Siku zile hapakuwa na magazeti. Bali sarafu ilipita mikononi mwa askari, mkulima na mchuuzi, na picha yake ilifahamika hata kwa asiyejua kusoma. Kwa hiyo wenye nguvu waliifanya kuwa mjumbe wao. Watu wa Italia walipoiasi Roma mwaka 91, baadhi ya dinari zao zilionyesha fahali, alama ya Italia, akimpiga pembe mbwa mwitu, alama ya Roma.

Mwaka 44 Julius Caesar alitiwa sura yake katika sarafu za Roma, heshima ambayo hakuna Mrumi aliye hai aliyepata kupewa mjini humo kabla yake. Warumi waliochukia ufalme walishtuka. Tarehe 15 Machi aliuawa. Kisha Brutus, mmoja wa wauaji, alitoa dinari yenye majambia mawili, na katikati kofia avaayo mtumwa aliyeachwa huru: yaani, majambia yameleta uhuru. Lakini upande wa pili Brutus naye aliweka sura yake mwenyewe!

Baada ya hapo kila mtawala alitia uso wake, na ufundi wa picha ulikuwa mzuri. Ila fedha yenyewe ilipunguzwa. Nero alianza mwaka 64 baada ya Kristo; na kufikia miaka ya 260, sarafu zilizoitwa za fedha zilikuwa karibu shaba tupu, zimepakwa weupe juu. Watu wakazificha zile za zamani, na bei za vitu zikapanda. Picha ya mtawala haikuweza kurudisha imani iliyopotea. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.