Kodi ya Kambi: Vituo vya Kijeshi na Uchumi wa Jibuti

Waswahili husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Ni nadra kupata taifa lililoifanya methali hii kuwa sera ya uchumi kama lilivyofanya taifa la Jibuti. Nchi hii ya watu wapatao milioni 1, isiyo na mto hata mmoja usiokauka, imewapa makao wanajeshi wa Ufaransa, Marekani, Japani, Italia na Uchina. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ukarimu huo unavyouendesha uchumi wa nchi, na hasa kuuliza: ni mwenyeji yupi aliyepona?

Rasilimali kuu ya Jibuti ni mahali ilipo. Inapakana na mlango wa bahari wa Bab el-Mandeb, ambapo hupitia meli zinazoelekea Mfereji wa Suez au zitokazo huko. Ufaransa, iliyoitawala nchi hiyo hadi tarehe 27 Juni 1977, haikuondoa majeshi yake baada ya uhuru. Marekani iliingia baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, ikakaa katika Camp Lemonnier, kambi iliyokuwa ya Wafaransa. Uharamia katika pwani ya Somalia ukawaleta wengine. Mwaka wa 2011 Japani ilifungua huko kituo chake cha kwanza ng'ambo tangu Vita Vikuu vya Pili, na mnamo Agosti 2017 Uchina nayo ikafungua kituo chake cha kwanza nje ya mipaka yake. Hivyo basi, mataifa yanayotazamana kwa jicho la hasama kwingineko yamekuwa wapangaji wa ua mmoja.

Wapangaji hao hulipa. Hadi mwaka wa 2014 Marekani ililipa takriban dola milioni 38 kwa mwaka. Mkataba mpya wa mwaka huo ulipandisha malipo hadi dola milioni 63, mbali na msaada wa maendeleo. Ufaransa ilikuwa ikilipa yuro milioni 30, na Uchina ilipokuja ikakubali dola milioni 20. Ukijumlisha hizo tatu pekee, unapata zaidi ya dola milioni 110 kwa mwaka. Pato la taifa la Jibuti mnamo 2020 lilikuwa zaidi kidogo ya dola bilioni 3, kwa hiyo malipo hayo hayafiki hata asilimia 4 ya pato hilo. Lakini fedha hizi hazipiti sokoni kwanza. Huingia moja kwa moja katika hazina ya serikali, na humo uzito wake ni mkubwa mno.

Hapa lugha ya Kiswahili yenyewe inatupa mwanga. Neno "kodi" lina maana mbili: malipo ya raia kwa serikali yake, na malipo ya mpangaji kwa mwenye nyumba. (Magazeti ya Kenya aghalabu huiita ile ya kwanza "ushuru", nao utata huo mzuri hupotea.) Kodi ya kwanza hutokana na jasho: sharti pawepo wakulima, wachuuzi na viwanda ndipo serikali ipate cha kutoza. Kodi ya pili hutokana na kumiliki kiwanja. Serikali inayoishi kwa kodi ya kwanza ina sababu ya kukosa usingizi raia wanapokosa kazi, kwani na yenyewe itakosa mapato. Ile iliyo na kodi ya pili yaweza kulala vyema zaidi.

Kambi zenyewe hununua kidogo kwa jirani. Camp Lemonnier ina takriban watu 4,000, lakini sehemu kubwa ya chakula na vifaa vyao huletwa kutoka nje, na wanajeshi wenyewe hawatoki ovyo kwenda mjini. Wenyeji wapatao 1,000 wameajiriwa humo, wengi wao katika kazi za huduma. Bunge la Marekani lenyewe liliutambua upungufu huu: sheria ya ulinzi iliyopitishwa Desemba 2014 iliruhusu bidhaa na huduma za Jibuti zipewe kipaumbele katika ununuzi wa kambi hiyo. Hata hivyo, nchi isiyolima wala kuzalisha viwandani itauza nini? Hata shilingi ya mlinzi au dobi huishia mbali, kwa kuwa mboga, matunda na miraa, ambayo ni tafrija ya kila alasiri mjini, hutoka Ethiopia.

Faida kubwa zaidi yamkini ni ile isiyoandikwa katika mikataba. Faranga ya Jibuti imefungamanishwa na dola tangu 1949, na tangu 1973 dola moja imebaki kuwa takriban faranga 178. Mfumo huu hudai kwamba faranga zinazotolewa ziwe na akiba ya fedha za kigeni nyuma yake, na kambi ni chemchemi mojawapo ya akiba hiyo. Isitoshe, uwepo wa majeshi huwapa imani wenye meli wanaotumia bandari ambayo, tangu vita vya Ethiopia na Eritrea vilivyoanza 1998, hupitisha takriban asilimia 90 ya biashara ya Ethiopia. Bandari hiyo, si kambi, ndiyo uti wa mgongo wa uchumi wa Jibuti.

Mpangaji naye ana hiari ya kuhama. Mwaka wa 2011 kikosi cha Ufaransa kilichokuwa Jibuti tangu 1962, Nusu-Brigedi ya 13 ya Jeshi la Kigeni, kilihamishiwa Abu Dhabi. Wafaransa wana desturi ya kuishi na familia zao mjini, hivyo kuondoka kwao huwagusa wenye nyumba na wenye maduka kuliko kuondoka kwa Mmarekani aliyejifungia kambini. Lakini mizani iligeuka. Kati ya 2022 na 2023 majeshi ya Ufaransa yaliondolewa Mali, Burkina Faso na Niger. Walipoketi kuzungumzia mkataba mpya, mwenye nyumba alijua kwamba mpangaji wake amefungiwa milango kwingineko. Katika makubaliano ya Julai 2024 kodi iliripotiwa kupanda kutoka yuro milioni 30 hadi milioni 85 kwa mwaka, na mwaka uliofuata Wafaransa wakazikabidhi pia kambi zao za Chad na Senegal.