Jiko la Mkaa: Asili Yake, Kazi Yake na Hewa Yake

Katika Magomeni ya Kilosa, kama katika miji mingi ya mkoa wa Morogoro, aghalabu jiko la mkaa ndilo chombo cha kwanza kushughulikiwa alfajiri. Na maadamu wilaya ya Kilosa ni mojawapo ya zile zinazokata miti na kupakia magunia ya mkaa yaendayo Dar es Salaam, inatupasa kulijua jiko hilo barabara, limetoka wapi, linatendaje kazi, na linaiachia nini miili yetu.

Jiko la bati tupu, lililofuliwa na mafundi wa mitaani kwa mabati ya madebe na mapipa, lilitawala miji ya Afrika Mashariki kwa miongo mingi. Baada ya mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya nishati mpya, uliofanyika Nairobi mwaka 1981, mafundi na wataalamu wa Kenya walitwaa fikra ya jiko la ndoo la Thailand, wakaiunganisha na umbo la jiko la kwetu, wakapata jiko lenye kiuno chembamba na tumbo la udongo wa kuchomwa. Na mwishoni mwa miaka ya 1980 jiko la namna hiyo lilianza kuenea Tanzania kwa jina la jiko bora.

Hikima yake ni nyepesi. Bati hupitisha joto upesi, hata sehemu kubwa ya joto la mkaa ikapotea kwa kuipasha hewa na miguu ya mpishi. Bali udongo hulizuia joto, likabaki ndani ya makaa na kupanda kwenye sufuria. Hewa huingia kwa mlango wa chini, hupenya matundu ya chekeche la udongo, na majivu huanguka kwa matundu hayo hayo. Mpishi akiufungua mlango moto huchachamaa, akiufunga wali huiva taratibu. Kwa sababu hiyo jiko bora lililotengenezwa vema huweza kupunguza mkaa kwa theluthi moja hata nusu.

Lakini akiba ya mkaa si salama ya mapafu. Makaa ya chini, yakipata oksijeni ya kutosha, hutoa kabonidayoksaidi. Hewa hiyo, ipandapo kati ya makaa mekundu yaliyokosa oksijeni, hugeuka kuwa kaboni monoksaidi. Ikifika juu na kukutana na hewa safi yenye joto, huungua kwa ulimi mdogo wa buluu unaocheza juu ya makaa. Isipoungua, kama wakati mkaa haujashika au mlango wa jiko umefungwa, hutoka chumbani bila rangi wala harufu. Nayo hushikamana na damu kwa nguvu kuliko oksijeni mara zaidi ya 200, hata mtu akapumua na mwili wake ukazidi kukosa hewa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi na hewa chafu za nyumbani, kwa nishati zote zichafuazo, ziliua watu milioni 3.2 mwaka 2020.

Kilosa imejaribu kuutunza msitu wake: tangu mwaka 2012, katika mradi uliohusisha vijiji kadhaa vya wilaya, miombo ilianza kuvunwa kwa vitalu vidogo, visiki vikaachwa vichipue upya. Serikali nayo, kwa mkakati uliozinduliwa Mei 2024, inakusudia asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Hadi gesi au umeme utakapofika kila nyumba, mkaa utaendelea kupika chakula chetu, na hapana budi tuutumie kwa busara.

Basi liwashwe jiko nje, penye upepo, na lisiingizwe ndani kabla makaa hayajashika yote. Lipikiwapo ndani, mlango na dirisha viwe wazi. Asilale mtu na jiko la makaa chumbani, hata usiku uwe wa baridi kiasi gani. Na watu wa nyumba moja wakiumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu kwa pamoja, watolewe nje mara moja, wapelekwe hospitali, wala wasingoje kupumzika kwanza.