Baridi ya machela hutoka chini



Usiku mmoja wa mwezi Julai wabebaji wanane walifika kituo cha afya wakiwa na mama aliyejifungulia njiani. Wao walikuwa wamevua makoti kwa jasho. Mama alikuwa anatetemeka hadi meno yanagongana, ingawa alifunikwa mablanketi matatu. Mzee aliyewaongoza akatuuliza, “Sasa jamani, tungemfunika na nini tena?” Mama na mtoto walipona, tunamshukuru Mungu, lakini swali la mzee lilibaki, na makala hii inajaribu kulijibu.

Bodaboda zimefupisha safari nyingi. Hata hivyo, katika milima ya Makete na Uporoto bado kuna njia ambazo mvua ikinyesha pikipiki haipiti, na kuna mgonjwa asiyeweza kuketi. Huyo hubebwa kwa machela. Uwanda wa Kitulo uko kwenye mwinuko wa mita 2,600 hivi, na usiku wa Juni na Julai umande huganda juu ya majani. Upepo nao haupumziki.

Blanketi halina moto wake lenyewe. Kazi yake ni kushika hewa iliyotulia karibu na mwili, na hewa hiyo ndiyo inayozuia joto lisitoke. Mgonjwa akililalia, uzito wake hulibana, hewa hutoka, na chini ya mgongo linabaki jembamba kama kanga. Nyumbani hatulioni tatizo hili kwa sababu kuna godoro. Machela inaning'inia, na chini ya kitambaa chake kunapita upepo mtupu. Kuongeza blanketi la nne juu ni sawa na kuezeka nyumba upya huku mlango umeachwa wazi.

Watu wanaopenda kulala porini katika nchi za baridi, kwenye bembea za kitambaa zilizofungwa kati ya miti miwili, walikwishaligundua jambo hili. Wao hufunga mfarishi kwa nje, chini ya bembea, ili mwili usiubane. Nasi tunaweza kufanya hivyo. Chukua blanketi zito, lifunge nje ya machela kwa kamba kwenye kingo zake, liguse kitambaa bila kuvutwa sana. Likilegea mno upepo utaingia katikati na kazi yote itakuwa bure. Kisha zungushia turubai jepesi kwa nje ili kukata upepo. Pasipo blanketi la ziada, gunia lililojazwa nyasi kavu au maganda ya mahindi likiwekwa chini ya mgongo linasaidia sana, maana maganda hayabanwi kirahisi.

Nililazwa mwenyewe kwenye machela kilimani ili kujaribu, kwanza bila blanketi la chini, kisha nalo. Wabebaji walicheka sana. Mara ya kwanza niliomba kushushwa kabla hatujamaliza hata mteremko mmoja.

Kabla ya kuondoka, mvueni mgonjwa nguo zilizolowa, hata kama ni kwa kuchelewa dakika chache, na mvisheni kofia na soksi. Chupa za maji ya moto zifungwe kwa kanga na kuwekwa kwapani na ubavuni, kamwe zisiguse ngozi, hasa kwa mtu asiyejitambua. Pombe asipewe: hufungua mishipa ya ngozi, mtu akajisikia joto huku joto lenyewe likimtoka. Mtoto mchanga alazwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, wafunikwe pamoja, uso wa mtoto ukiwa wazi. Njia hiyo ilianza kutumiwa hospitalini Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, na leo inajulikana duniani kote.

Jambo hili si la starehe. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35 mtu yuko hatarini, na damu iliyopoa huchelewa kuganda, hivyo mama anayetokwa damu atazidi kutokwa. Mgonjwa aliyekuwa akitetemeka akiacha ghafla na kuanza kukokota maneno, msidhani amepata nafuu, amezidiwa. Na mbebaji asipime baridi kwa mwili wake, kwa kuwa yeye anatembea na mzigo begani wakati mwenzake amelala tuli. Kila mnapobadilishana mpiko, mmoja apitishe mkono chini ya mgongo wa mgonjwa na kumsemesha.

Wafadhili wetu wamekuwa wepesi kutuletea mablanketi, na tunashukuru. Safari hii tungeomba pia maturubai mepesi na kamba imara. Kwa upande wa kamati, tunaomba vifaa hivi vikae pamoja na machela, vikavu, mbali na panya, na blanketi la chini lisiazimwe kwa ajili ya wageni wa harusi.