Mathare, ambako mtaro safi una pointi kuliko bao

UKICHEZA soka kwingine, hesabu ni rahisi. Ukishinda unapata pointi 3, mkitoka sare mnapata moja moja, ukipigwa unarudi nyumbani mikono mitupu.

Mathare wana hesabu yao. Timu inaweza kulala bao 4 kwa nunge na bado ikapanda kwenye jedwali, kwa sababu wachezaji wake waliamka asubuhi, wakashika reki na beleshi, wakazibua mtaro. Kazi ya usafi ikikamilika, timu huongezewa hadi pointi 6. Yaani kuzoa taka kunaweza kulipa mara mbili ya ushindi uwanjani.

Sheria hiyo ni ya Mathare Youth Sports Association, ambayo mtaani kila mtu anaiita MYSA. Ilianza 1987, pale Bob Munro, raia wa Kanada aliyekuwa akifanya kazi Nairobi, alipowakuta watoto wakicheza mpira wa juala vumbini. Walitaka ligi ya kweli, yenye refa na mipira halisi. Makubaliano yakawa mepesi: fanya kitu upate kitu, usipofanya hupati. Watoto wangepata ligi, mtaa ungepata usafi.

Fikiria kidogo kuhusu mpira ule. Umesukwa kwa karatasi za plastiki na kamba, vitu vilevile vinavyoziba mitaro. Watoto hao walikuwa tayari wanajua kugeuza taka kuwa kitu cha maana. Kilichokosekana ni mtu wa kuwahesabia.

Vikombe vilifuata. Mwaka 1992 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, liliwatuza vijana hao kwa kazi yao ya usafi. Klabu yao ya wakubwa, Mathare United, ilianzishwa 1994, na mwaka 1998 ikanyakua Moi Golden Cup ikiwa bado ligi ya daraja la chini. Wakubwa wa soka walibaki midomo wazi. Walioita ushindi huo bahati walinyamaza 2000, klabu ilipolibeba tena kombe hilo. Mwaka 2008 ikawa bingwa wa Kenya, ikinolewa na Francis Kimanzi, mwenyewe zao la MYSA.

Wasichana nao waliingia ligini mwaka 1992. Si jambo dogo. Katika nyumba nyingi za mtaani, msichana ndiye anayechota maji, anayepika na kumbeba mdogo wake mgongoni wakati kaka yake yuko uwanjani. Doreen Nabwire, aliyelelewa Korogocho, alipitia MYSA, akawa nahodha wa Harambee Starlets na kwenda kucheza soka ya kulipwa Ujerumani. Sasa msichana wa Mathare akiambiwa mpira ni wa wavulana, ana jibu.

Hata kadi zao ni tofauti. Zaidi ya njano na nyekundu, kuna kadi ya kijani, anayopewa mchezaji aliyeonyesha nidhamu na uungwana kuliko wenzake. Na si lazima uwe staa ndio usaidike. Anayejitolea kufundisha watoto, kuchezesha mechi au kuongoza usafi hujikusanyia pointi zake binafsi, na wanaofanya vizuri husaidiwa karo ya shule. Kijana asiyejua kupiga chenga naye ana nafasi.

Lakini tuseme ukweli: taka hurudi. Unazoa Jumamosi, Jumatano mtaro umejaa tena. Na taka ikiziba njia ya maji, si suala la harufu tu. Aprili 2024 mvua kubwa ilipopiga Nairobi, Mto Mathare ulivunja kingo. Watu walikufa, nyumba zikasombwa. Baadaye tingatinga zikaja kubomoa makao yaliyobaki kando ya mto.

Mafuriko yale hayakuletwa na mtaro mmoja, na hakuna timu ya watoto wa miaka 12 inayoweza kuzuia mto. Katiba ya 2010 inampa kila Mkenya haki ya mazingira safi, na kazi ya kuzoa taka imewekewa serikali za kaunti. Beleshi la kijana haliwezi kuwa kisingizio cha lori la kaunti kutofika.

Basi vijana hawa wamefanikisha nini, ikiwa taka bado zipo?

Wamevunja ile dhana kwamba mtaa wa mabanda ni mahali pa kusubiri msaada. Mtoto aliyezibua mtaro kwa mikono yake hatakubali umwage uchafu humo akikuona. Akikua, ndiye atakayesimama kwenye baraza na kuuliza lori liko wapi, na hakuna atakayemwambia anyamaze, kwa sababu yeye tayari alifanya sehemu yake.

Nawe unayesoma hii ukiwa Kayole, Kangemi au Likoni, huhitaji mfadhili ili kuanza. Pengine mtaani kwenu tayari kuna ligi ya wikendi. Kaeni chini na manahodha, mkubaliane mtaro upi, siku gani, pointi ngapi. Kisha andikeni kwenye jedwali, kila mtu aone.