Kilomita 4,265 kwa miguu: Kwa nini wiki mbili za mwisho ndizo za hatari zaidi?

Hebu vuta picha. Umetembea kwa miguu tangu Aprili. Umepita jangwani, umevuka mito ya maji ya barafu, umepanda milima yenye theluji. Viatu ulivyovaa ni jozi ya nne au ya tano. Zimebaki kilomita 130 tu umalize.

Asubuhi unafungua zipu ya hema na kukuta nyasi zote nje zimekuwa nyeupe. Ni umande ulioganda. Na wingu lililo juu yako ni jeusi.

Unaendelea au unageuza?

Kila mwaka, kuanzia katikati ya Septemba hadi mwanzoni mwa Oktoba, watu waliotembea miezi mitano mfululizo hujikuta mbele ya swali hilo. Ni watembeaji wa Pacific Crest Trail, njia ya miguu inayokatiza milima ya magharibi mwa Marekani. Na kwa kawaida umbali sio unaowaangusha. Ni kalenda.

Njia yenyewe ikoje?

Inaanzia Campo, California, kwenye mpaka wa Meksiko, na kuishia kwenye mpaka wa Kanada. Inapita majimbo matatu: California, Oregon na Washington. Urefu wake ni kama kilomita 4,265.

Kwa vipimo vya huku, ni karibu sawa na kwenda na kurudi Dar es Salaam hadi Mwanza mara mbili. Kwa miguu, begi likiwa mgongoni.

Sehemu ya juu kabisa ni Forester Pass, mita 4,009 juu ya usawa wa bahari. Ya chini kabisa ni kwenye mto Columbia, makumi machache tu ya mita juu ya usawa wa bahari.

Wengi humaliza kwa miezi mitano hivi. Piga hesabu: ni wastani wa kilomita 28 kila siku, ukiweka na siku za kupumzika humo humo. Siku za kutembea kweli kweli, mtu anapiga 30 hadi 40.

Kwa nini wasianze mapema?

Swali zuri. Kama tatizo ni baridi ya mwishoni, si uondoke Februari ufike Julai?

Haiwezekani kirahisi, kwa sababu njia hii ina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, na yote miwili inafungwa na theluji.

Baada ya kilomita kama 1,100 za jangwa na milima mikavu ya kusini mwa California, unakutana na milima ya Sierra Nevada. Theluji ya huko hudumu hadi Juni, mwaka mwingine hadi Julai. Ukifika mapema, unatembea juu ya theluji, na ikianza kuyeyuka mito inafurika. Mto wa kufika kiunoni, wenye maji ya barafu yanayokwenda kasi, siyo mchezo.

Kwa hiyo wengi huanza Aprili au Mei ili waingie Sierra karibu na Juni. Tena huwezi kujiamulia tu siku ya kuondoka. Ili njia isizidiwe, vibali vya safari ndefu kutoka kusini vina kikomo: watu 50 tu kwa siku kati ya Machi na Mei.

Ukihesabu miezi mitano kutoka hapo, unaangukia Septemba na Oktoba. Na hapo uko kaskazini mwa Washington, kwenye milima ya Cascades, ambako baridi inaanza kubisha hodi.

Mtu akikaa siku tatu tatu kila mjini, akiumwa goti wiki moja, au njia ikifungwa kwa moto wa msituni, deni hilo hulilipa mwishoni. Septemba 2017, kwa mfano, moto wa Eagle Creek ulifunga sehemu ya njia karibu na mto Columbia, mpakani mwa Oregon na Washington. Watembeaji walilazimika kuzunguka.

Vuli ya kule siyo vuli ya huku

Kwetu ukisema vuli, mtu anawaza mvua za Oktoba hadi Desemba. Kamusi hulitumia neno hilo hilo kwa majira ya kule ambayo majani hupukutika, kati ya kiangazi na baridi kali.

Jambo la kwanza linalobadilika ni mwanga. Huku Afrika Mashariki jua linachomoza na kuzama karibu saa zile zile mwaka mzima. Kule kaskazini mwa Washington, mwezi Juni jua huzama kama saa 3 usiku. Mwanzoni mwa Oktoba linazama kabla ya saa 1 jioni, na asubuhi halitoki hadi saa 1 imepita.

Yaani mtembeaji amenyang'anywa zaidi ya saa nne za mwanga. Zile kilomita 35 za kila siku sasa zinaishia gizani, kwa taa ya kichwani.

La pili ni uzuri, na uzuri huu una mtego. Kuna miti inaitwa lachi, ndugu wa misonobari. Misonobari mingi hubaki kijani mwaka mzima, ila lachi hugeuka rangi ya dhahabu na kupukutisha majani yake yote, ambayo ni membamba kama sindano. Mwishoni mwa Septemba na mwanzoni mwa Oktoba, miteremko ya kaskazini mwa Cascades inang'aa. Ndiyo picha unazoziona Instagram.

Kinachowapa dhahabu hiyo ndicho kinachomtishia mtembeaji: siku zimekuwa fupi na usiku ni baridi. Mti umeshasoma kalenda. Mtu naye anatakiwa kuisoma.

Adui mkubwa ni kulowa

Wengi wetu tukisikia mtu kafa kwa baridi tunawaza barafu na theluji. Kumbe hali mbaya mara nyingi ni ile ya nyuzi 3, 5 au hata 10 juu ya sifuri, mvua ikinyesha na upepo ukivuma.

Sababu ni hii: maji huchukua joto la mwili haraka mara nyingi zaidi ya hewa. Mvua ya nyuzi 4 inakulowesha hadi ndani. Theluji kavu ya nyuzi 5 chini ya sifuri unaweza kuikung'uta ukaendelea na safari.

Ndiyo maana watu wa milimani hawapendi nguo za pamba. Fulana ya pamba ikilowa inashika maji na kukugandamia mwilini. Sufu, hata ikiwa imelowa, bado inakupa joto kidogo. Vitambaa vya poliesta hukauka haraka. Koti la manyoya ya bata ni zuri sana likiwa kavu, lakini likilowa linasinyaa na kuwa kama karatasi.

Halafu kuna mwili wenyewe. Mtu aliyetembea miezi mitano amekonda. Anaweza kuchoma zaidi ya kalori 4,000 kwa siku na hawezi kubeba chakula cha kutosha kuzifidia. Miguu ina nguvu kuliko wakati wowote wa maisha yake, lakini mafuta ya kumkinga na baridi yamekwisha. Anasikia baridi upesi kuliko mtu aliyetoka nyumbani jana.

Na begi lake huwa jepesi kupita kiasi. Kiangazi chote amekuwa akipunguza vitu ili aende haraka. Wenye busara, wakifika Washington hutumiwa kwa posta nguo za joto na mfuko mzito zaidi wa kulalia. Wenye haraka huendelea na vile vya Julai.

Utajuaje mwenzako anaishiwa joto?

Joto la kawaida la mwili ni kama nyuzi 37. Likishuka chini ya 35, hiyo ni hatari ya kitabibu. Tatizo ni kwamba ubongo nao unapoa, kwa hiyo anayeumwa mara nyingi hajui kama anaumwa. Atakwambia, "Niko poa." Ndiyo maana ni kazi ya mwenzake kumwangalia.

Dalili za mwanzo ni rahisi kukumbuka:

• Anajikwaa njia ikiwa tambarare.
• Anaangusha vitu, anashindwa hata kufunga zipu.
• Maneno yanamtoka kama ya mlevi.
• Ananuna au anajitenga bila sababu.

Ikifika hatua ameacha kutetemeka na bado ni wa baridi, usidhani amepona. Mwili umeishiwa nguvu ya kupambana.

Cha kufanya: mtoe kwenye upepo, mvue nguo zilizolowa, mvalishe kavu, mlaze juu ya kitu kinachomtenga na ardhi, mfunike mwili mzima na kichwa. Kama yuko macho na anaweza kumeza, mpe kinywaji cha moto chenye sukari. Usimpe pombe, na usimsugue mikono na miguu kwa nguvu. Kisha tafuta msaada.

Mwisho ambao siku hizi siyo mwisho

Kituo cha mwisho cha kununua chakula kwa wengi ni Stehekin, kijiji kilicho kwenye ncha ya ziwa Chelan. Hakuna barabara ya kukifikia kutoka nje. Unakwenda kwa boti, kwa ndege ndogo ya kutua majini, au kwa miguu. Kutoka hapo hadi mpakani ndizo zile kilomita 130.

Zamani, mtembeaji mwenye kibali alifika kwenye nguzo ya mpakani, akapiga picha, akavuka na kutembea kilomita chache hadi Manning Park nchini Kanada. Kuna barabara, chakula na kitanda.

Januari 2025 mambo yalibadilika. Kanada ilisitisha utaratibu wa kuruhusu watembeaji kuingia nchini humo kwa njia hiyo. Sasa, kwa wanaofuata sheria, ukishaigusa nguzo unageuza na kurudi kusini hadi Harts Pass, karibu kilomita 48, ambako ndiko kuna barabara ya karibu. Na ni ya vumbi, theluji ikizidi magari hayafiki.

Maana yake? Mtu anayekaribia nguzo akiwa na chakula cha siku moja na wingu jeusi kichwani hajafika. Bado ana siku mbili za kutembea. Ushangiliaji ni wa dakika 20, halafu mlima unaanza upya.

Hatari hii siyo ya kwenye makaratasi. Mwishoni mwa Septemba 2013, dhoruba ya mapema ilimwaga theluji kwenye milima ya Washington. Baadhi ya watembeaji walikwama na vikosi vya uokoaji vikalazimika kuwatafuta.

Simu si ipo?

Ipo, lakini baridi huimaliza betri haraka. Simu yenye asilimia 40 inaweza kujizima ghafla. Watembeaji hulala nayo ndani ya mfuko wa kulalia, pamoja na pawa benki, ili visipoe.

Mtandao wa kawaida sehemu kubwa ya milima hiyo haupo. Wengi hubeba kifaa kidogo cha setelaiti chenye kitufe cha kuomba msaada, na tangu mwishoni mwa 2022 baadhi ya simu nazo zinaweza kutuma ujumbe wa dharura kwa setelaiti zikiwa Marekani.

Ila kuomba msaada na kuupata ni vitu viwili. Helikopta haiwezi kutua kwenye wingu zito. Waokoaji wanaokuja kwa miguu wanaweza kuchukua siku nzima au zaidi.

Wanaogeuza wamefeli?

Hapana. Wapo wanaosimama Stehekin, wakaangalia utabiri wa siku tano, wakapanda boti wakarudi nyumbani. Mwaka unaofuata hurudi Julai na kumalizia kipande kilichobaki.

Wengine hucheza na kalenda mapema: wakiona wamechelewa, hupanda basi mwezi Julai au Agosti hadi kaskazini, wakatembea kushuka kusini hadi pale walipoachia. Kilomita ni zile zile, mpangilio tu ndio umebadilika.

Kinachowaponza wengi ni hesabu ya moyoni: "Nimetembea 4,100, nitashindwaje 130?" Lakini mlima hauhesabu ulizotembea jana.

Hili linatuhusu vipi?

Sana. Kwa wastani, kila unapopanda mita 1,000 joto hushuka kama nyuzi 6 na nusu. Moshi mjini kukiwa na nyuzi 30, hesabu hiyo inakupa kama 5 tu kwenye kambi ya Kibo, mita 4,720, hapo hapo Kilimanjaro. Ongeza mvua ya vuli na upepo, umepata hali ile ile ya Washington mwezi Oktoba.

Mgeni anapanda na koti la bei mbaya. Mpagazi anayembebea mzigo anaweza kuwa na suruali ya jinzi na fulana ya pamba iliyolowa tangu asubuhi. Kati ya hao wawili, wa kuangaliwa zaidi ni huyo wa pili.

Kwa hiyo kama wewe, kaka yako au rafiki yako mnapanda Kilimanjaro, Meru au Mlima Kenya msimu huu: acheni pamba chini, fungeni nguo kavu za kulalia kwenye mfuko wa plastiki na msizivae hadi mmefika kambini, na mchungane.

Akianza kujikwaa na kununa, usimcheke. Msimamishe, mvalishe nguo kavu, mshushe.