Kwa Nini Limiti Yako Ni Ndogo Kuliko Biashara Yako

Unauza kila siku, unalipa mkopo kwa wakati, lakini ukiangalia limiti unapata shilingi 1,500. Jirani yako aliyeajiriwa, ambaye wiki ya mwisho wa mwezi huja kukukopa wewe, ana 15,000. Unajiuliza: kwani hii kompyuta inanichukia?

Haikuchukii. Haikujui, na hilo ndilo tatizo lenyewe. Limiti ni makadirio tu. Modeli huchukua yale inayoyaona kwenye laini yako, huyalinganisha na ya wateja wa zamani waliofanana nawe, kisha hukisia kama utalipa. Na makadirio hukosea kwa njia mbili tofauti.

Fikiria mizani mbili za kupimia nyanya. Ya kwanza inayumba: kilo ileile mara inasoma gramu 950, mara 1,050. Ukipima mara nyingi na kutafuta wastani, makosa yanafutana. Ya pili imetulia tuli, lakini kila kilo inaisoma gramu 900. Ipime mara elfu moja, bado utapata 900. Kosa hili la pili ndilo watakwimu huita upendeleo. Si lazima kuwe na mtu mwenye nia mbaya. Ni kuegemea upande mmoja kila mara, na kuongeza data hakuliponyi.

Mfano unaojulikana sana ni wa Marekani, mwaka wa 1936. Jarida la Literary Digest lilituma karatasi za kura ya maoni kwa watu wapatao milioni 10, na zaidi ya milioni 2 wakajibu. Likatangaza kwamba Alf Landon atamshinda Rais Franklin Roosevelt. Roosevelt akashinda majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalikuwa yametolewa kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, na wakati ule, katikati ya hali ngumu ya uchumi, simu haikuwa kitu cha kila mtu. Isitoshe, waliojisumbua kurudisha karatasi hawakufanana na wale walionyamaza. George Gallup, aliyehoji watu wachache zaidi lakini waliochaguliwa kwa uangalifu, alimtaja mshindi sawasawa.

Sasa turudi kwenye laini yako. Tuseme wewe ni mkulima wa majani chai. Kila mwezi unapokea 8,000, halafu Oktoba inakuja bonasi ya 96,000. Kwa mwaka mzima wastani wako ni 16,000 kwa mwezi. Lakini modeli inayoangalia miezi sita pekee, ikikukadiria mwisho wa Septemba, itaona 8,000. Ikikukadiria mwisho wa Machi, itaona 24,000. Mkulima ni yuleyule, shamba ni lilelile. Hesabu haikukosewa mahali popote, ila dirisha la kuchungulia ni fupi kuliko msimu. Na ubaya wake ni kwamba Septemba, kabla bonasi haijafika, ndipo wengi wanahitaji pesa zaidi.

Mama mboga naye ana shida nyingine. Akilipwa kwa pesa taslimu, akamlipa msambazaji kwa pesa taslimu, na nauli ya mkokoteni hivyohivyo, laini yake inaonyesha vocha na pesa kidogo za shule. Kwa modeli, biashara hiyo haipo. Vilevile kuna nyumba ambazo malipo ya duka la mke huingia kwenye laini ya mume. Limiti inayopanda hapo ni ya mzee, ingawa kazi ni ya mama.

Hata hivyo, upendeleo mgumu kuliko yote ni ule usioonekana hata na aliyeijenga modeli. Modeli hujifunza kutokana na mikopo iliyotolewa. Tuseme watu 1,000 waliomba, 600 wakapewa na 400 wakanyimwa. Kati ya wale 600 tunajua nani alilipa na nani alitoroka. Kuhusu wale 400 hatujui chochote. Labda 300 wangelipa vizuri kabisa, lakini hakuna rekodi, maana hawakupewa nafasi. Mwaka ujao modeli inafundishwa tena kwa wale 600, na watu wanaofanana na wale 400 wananyimwa tena. Kosa la kumkopesha asiyelipa linaonekana kwenye vitabu. Kosa la kumnyima mlipaji mzuri halionekani popote. Dawa yake ipo, ila ina gharama: mkopeshaji awape mikopo midogo baadhi ya wale ambao modeli ingewakataa, aone wanavyolipa. Kwa maoni yetu, mkopeshaji asiyefanya jaribio kama hilo hana haki ya kujisifu kwamba modeli yake ni sahihi.

Lakini si kila kuegemea ni kubaya. Ukiwa mteja mpya na wiki mbili tu za rekodi, halafu mchango wa matanga wa 80,000 ukapitia kwenye laini yako, modeli ikiamini kila inachokiona itakudhania tajiri. Kwa hiyo huvutwa makusudi kuelekea wastani wa wateja wapya, hadi rekodi yako iongezeke. Ndiyo maana wengi huanzia chini.

Ufanye nini basi? Kuzungusha pesa kati ya laini mbili ili ionekane kuna biashara hakukusaidii sana. Unalipa ada kila mara, na mzunguko wa aina hiyo unaweza kutambulika. Afadhali mauzo halisi yapite kwenye till iliyosajiliwa kwa jina lako, hata kama ni nusu ya mauzo tu. Pia una haki ya kupata ripoti yako ya CRB bila malipo mara moja kwa mwaka. Angalia kama kuna mkopo uliolipa na bado unaonekana haujalipwa, kisha uombe urekebishwe.

Na kama uamuzi mzito kukuhusu umefanywa na kompyuta peke yake, kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 kinakuruhusu kuomba uangaliwe upya. Andika ombi lenyewe, eleza kipato chako ni cha msimu au ni cha taslimu, ambatisha risiti ulizonazo. Yule anayekupigia akisema atakupandishia limiti ukimtumia 500 na PIN yako, mkatie simu.