Ndoa Mbele ya Ofisa wa Viza

Watu waliooana, wanapojiandaa kuhojiwa kwa ajili ya viza ya kuhamia kwa mwenzi, hukusanya cheti cha ndoa, picha za arusi na barua za miaka mingi, wakidhani kwamba shaka yote ya ofisa itakuwa juu ya ndoa yao. Kisa cha Sandra Muñoz, mwanasheria na raia wa Marekani, chaonyesha kwamba sivyo siku zote.

Muñoz aliolewa mwaka 2010 na Luis Asencio-Cordero, mzaliwa wa El Salvador, wakapata mtoto. Mwaka 2015 mume alirudi kwao, kwani ilimpasa kuomba viza akiwa nje ya Marekani, akahojiwa zaidi ya mara moja katika ofisi ya kibalozi mjini San Salvador. Ndoa haikuwa na kasoro. Hata hivyo, Desemba alinyimwa viza, akatajiwa kifungu tu cha sheria, kimhusucho mtu adhaniwaye kwenda kutenda uhalifu. Uhalifu gani? Hakuambiwa.

Sababu ilijulikana baadaye mahakamani: ofisa alimwamini kuwa mfuasi wa genge la MS-13, na michoro iliyochanjwa mwilini mwake ilikuwa miongoni mwa vielelezo. Mwenyewe alikana. Karatasi mtu aweza kuzirekebisha. Ngozi ataivua vipi?

Tarehe 21 Juni, 2024, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba katiba haimpi raia haki ya msingi ya kudai mwenzi wake mgeni aingizwe nchini. Majaji watatu walipinga. Raia yu huru kumfuata mwenzi wake ng'ambo. Haki ya kumleta nyumbani hana.